Mikono ya trei niliyouziwa Gerezani, na mdomo uliokuja nayo

Sina tabia ya kuandika habari za maduka, ila hii imenikaa kooni. Nilikuwa na kazi ya kufunga trei za nyaya kwenye nyumba ya wageni Kigamboni, hatua chache tu kutoka baharini. Nikaenda duka moja pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kuchukua mikono ya chuma ya kubebea trei. Nikamwambia muuzaji kabisa: nataka iliyochovywa kwenye zinki ya moto, chumvi ya kule haina huruma. Akanitolea inayong'aa kama sufuria ya bi harusi. "Hii hapa fundi, galvanaizi namba moja."

Na mimi nikabeba! Iliyochovywa haing'ai vile. Inafubaa, ina rangi ya kijivu, pembeni zinki imeganda kama nta ya mshumaa. Unene wa zinki yake unapita maikroni 50, na maikroni elfu moja ndiyo milimita moja. Hii ya kung'aa imepakwa kwa umeme, mara nyingi haifiki hata 15. Nayajua yote hayo, lakini tajiri alikuwa ananipigia simu kila saa.

Masika hata hayajakatika, michirizi ya kahawia ikaanza kushuka kwenye ukuta mweupe wa watu. Msiniambie ni pale nilipokata na grenda. Pale nilipaka rangi ya zinki mwenyewe. Kutu ilitoka kwenye matundu ya bolti na kwenye maungio ya weldi.

Nikachukua mkono mmoja nikaurudisha. Sikudai hela, nilitaka anibadilishie tu. Jamaa hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Fundi, chuma ni chuma. Ukiogopa kutu, funga mbao." Vijana wake wa mizigo wakaangua kicheko. Mtu mzima mimi, nimesimama katikati ya maboksi ya misumari na kipande changu cha kutu mkononi, nachekwa na watoto.

Nisimwonee: mikono yenyewe haijapinda. Niliipanga kila mita moja na nusu, trei imejaa nyaya za viyoyozi, na imenyooka kama rula. Kwa kazi ya ndani, Dodoma huko, ningeinunua tena. Hapana. Kwa mdomo ule, hata Dodoma sinunui.

Nimeing'oa yote, nimefunga mingine kwa hela yangu. Hiyo nimeitoa kwa mama mmoja, duka la mtaa wa pili. Ghali kweli, lakini nilipoigusa ya kung'aa akanizuia: "Hiyo usiipeleke pwani, baba."

Ile ya kwanza, 40 na kitu, imelala uani kwangu. Juzi shemeji kaja kuomba sita, ana ofisi Morogoro. Nikampa. Akauliza nimenunua wapi, maana anataka mingine. Nikamwelekeza. Bei yake nzuri, nifanyeje.