Pedali ya filta iliyonila besi mbele za watu

Hasira hii nimekaa nayo wiki kadhaa sasa, acha niiseme kabla mwenzangu mwingine hajatoa pesa yake.

Nilikuwa natafuta pedali ya filta ya kupitisha sauti za chini, yaani kisanduku cha kukanyaga kinachochuja sauti, kwa ajili ya gitaa langu la besi. Nilitaka ule unene wa besi ya sinthesaiza: juu pakatwe, chini pabaki pameshiba. Muuzaji nilimuuliza swali moja, tena mara mbili: nikipandisha rezonansi, yaani ule mkazo wa sauti pale filta inapoanza kukata, besi itabaki? Akajibu, "Kaka, hii inapitisha chini, chini haiguswi." Nikamwamini.

Nyumbani niliijaribu kwenye spika ndogo, nikafurahi mno. Siku ya onyesho, wimbo wa tatu, nikainama nikazungusha nobu ya rezonansi kupita nusu. Chini pakatoweka! Ule mtetemo ninaouhisi kwenye nyayo nikigonga uzi wa E ulikatika palepale, kikabaki kitu kinacholia "wiyau, wiyau" juu ya drams. Mpiga drams akanigeukia kama vile nimechomoa waya. Nikaikanyaga kuizima, besi ikarudi. Nikaiwasha, ikaenda tena. Wimbo mzima nimeupiga nikiwa nimeinama.

Nilidhani ni mbovu. Kumbe si mbovu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Filta yangu ni ya muundo wa ngazi, ule ambao Robert Moog, mtengenezaji wa sinthesaiza, alipewa hataza yake mwaka 1969. Rezonansi yake hupatikana kwa kuirudisha sauti inayotoka hadi pale inapoingilia, ikiwa imegeuzwa. Pale kwenye masafa ya kukatia, yaani filta inapoanzia kukata, sauti inanyanyuka, lakini chini ya hapo inajipunguza yenyewe. Ukiipandisha hadi filta inakaribia kulia peke yake, chini panaweza kushuka kwa desibeli 14 hivi. Uzi wa E uko karibu na Hz 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), na B ya besi ya nyuzi 5 iko kwenye Hz 31. Vyote vimo humo humo kwenye shimo. Spika ndogo haifiki huko chini, ndiyo maana nyumbani sikugundua kitu.

Nikairudisha kwa muuzaji. Hakuigusa hata kuiwasha. "Tatizo ni vidole vyako. Nyie wapiga besi hamridhiki." Mbele ya wateja wengine! Miaka yote niliyopiga, hakuna aliyewahi kunisemesha hivyo.

Kwa hiyo nilitaka kuandika msinunue. Lakini nikisema hivyo nitakuwa nimedanganya. Rezonansi ikiwa chini, filta ikafuata mkono, ukipiga kwa nguvu inafunguka, ukigusa taratibu inafumba, na noti inatoka kama mtu anayetamka neno. Besi yangu sijawahi kuisikia ikiongea vile. Juzi nilipiga noti moja ya A kwa dakika kumi, sikuchoka.

Halafu nikaazima pedali ya kuchanganya, nikapitisha sauti safi pembeni ya iliyochujwa. Chini pakarudi, hata rezonansi ikiwa juu. Hasira ikapanda upya. Kwa nini nitafute pedali ya pili kuitibu ya kwanza? Nobu moja ya kuchanganya ingemaliza kazi. Moogerfooger MF-101, pedali ya filta ya kampuni ya Moog, ilikuwa nayo, kwa hiyo si jambo lisilowezekana.

Ukienda kuchagua, beba besi yako mwenyewe, maana yenye pikapu za betri huifungua filta mapema kuliko ya kawaida. Omba amplifaya ya spika kubwa. Piga E wazi, zungusha rezonansi hadi mwisho, sikiliza miguuni. Akikuwekea kispika cha mezani, ondoka.

Yangu sijaiuza. Kesho naenda nayo mazoezini, nobu ya rezonansi nimeizungushia selotepu isisogee.