Meli ya kitalii Nuremberg–Regensburg: mfereji nyota 5, ratiba ya meli nyota 2

Wakuu, wengi mnaoishi huku Ulaya mnauliza kama hizi meli za kitalii za mtoni zina thamani ya hela yake, hasa ukiwa na mzazi amekuja kutembea na miguu haimruhusu kuzunguka mjini siku nzima. Mimi nilimpandisha mama, alikuja kutoka Tanga, tukachukua kipande cha Nuremberg mpaka Regensburg kule Bavaria, Ujerumani. Kampuni siitaji, zenyewe zinafanana tu. Chakula kizuri, kabini ndogo ila safi, wahudumu wana adabu, intaneti ya kuombea dua, kahawa ya bure muda wote. Basi, hayo nimemaliza. Nataka kuongelea kitu ambacho brosha imekipa mistari miwili wakati ndiyo sababu ya pekee ya kulipia kipande hiki: mfereji wenyewe.

Ramani iko hivi. Mto Main unaelekea magharibi unaingia Rhine, na Rhine inamwaga Bahari ya Kaskazini. Danube inaenda zake mashariki mpaka Bahari Nyeusi. Katikati kuna vilima, na mfereji wa Main-Danube ndio unaunganisha hiyo mito miwili, kilomita 171 kutoka Bamberg mpaka Kelheim, na una malango ya maji 16, yaani vyumba vya zege vinavyoinua na kushusha meli kwa kujazwa na kupunguzwa maji. Sasa hapo kwenye vilima ndipo pana utamu, maana meli inapanda mlima, na siongezi chumvi. Kutoka Bamberg inapanda mita 175 hivi mpaka kileleni, mita 406 juu ya usawa wa bahari, halafu inashuka mita 68 kwenda Kelheim.

Malango matatu makubwa, Leerstetten, Eckersmühlen na Hilpoltstein, kila moja linainua meli mita 24.67. Hebu fikiria ghorofa la nane, sasa wewe uko chini kabisa na kuta za zege zimekuzunguka, zinavuja maji, zina ukoko wa kijani, na meli ina upana wa mita 11.4 ndani ya chumba cha mita 12. Yaani kila upande inabaki nafasi ya rula moja tu ya shule, sentimita 30. Mama alitoa mkono kwenye kibaraza cha kabini akaugusa ukuta, akaniuliza, "Mwanangu, huyu nahodha akipiga chafya itakuwaje?" Nikamwambia mama rudisha mkono ndani kwanza.

Meli ikishaingia, geti la nyuma linashuka kutoka juu, mabaharia wanatupia kamba kwenye nguzo zilizo ndani ya ukuta, na hizo nguzo zinaelea, zinapanda pamoja na maji huku zinalia kama mlango wa zamani usiotiwa mafuta. Halafu meli inaanza kunyanyuka, kimya, huoni mawimbi wala husikii mashine, na ndani ya robo saa hivi au zaidi kidogo umetokea juu unaona mashamba.

Jinsi inavyofanya kazi ndiyo iliyonimaliza. Ukijaza chumba kama kile unahitaji maji karibu mita za ujazo 56,000, na kule kileleni hakuna mto wa kukuletea maji, kwa hiyo ukiyaachia yote yaende kila meli inapopita utakausha mfereji. Walichofanya wamejenga mabwawa matatu pembeni ya lango, yamepangwa ngazi ngazi. Meli ikishuka, maji ya juu ya chumba yanaingia bwawa la juu, yanayofuata bwawa la kati, kisha la chini, yanahifadhiwa humo, na kiasi kinachobaki ndicho kinaachiwa kwenda chini. Meli nyingine ikija kupanda, maji yale yale yanarudishwa, kwanza ya bwawa la chini, kati, juu, na pungufu linajaziwa kutoka mfereji wa juu. Kama asilimia 60 ya maji inaokolewa, na kuhamisha huko hakuna pampu, maji yanateremka tu yenyewe kwa uzito wake. Pampu zipo ila kazi yake ni nyingine, zinapandisha maji kutoka upande wa Danube yavuke kilima yakausaidie upande wa kaskazini wenye ukame, wastani wa kama mita za ujazo milioni 125 kwa mwaka. Kwa hiyo mfereji ni barabara na ni bomba la maji kwa wakati mmoja.

Sasa malalamiko yangu. Tumeondoka Nuremberg mchana, vizuri, tukapita Katzwang ambako mfereji umepita juu ya tuta na unaona mapaa ya nyumba chini yako. (Hapo tuta lilipasuka tarehe 26 Machi 1979, kipande hicho kilikuwa kimejazwa maji lakini hakijafunguliwa kwa meli, maji yakasomba nyumba na msichana mmoja akafa. Kwenye meli hakuna aliyelitaja.) Lango la Leerstetten tukalifaidi vizuri juu ya deki. Halafu tunakaribia Eckersmühlen, kengele, chakula cha jioni! Watu wote wakaingia ukumbini, na meli inaingia kwenye moja ya yale malango makubwa matatu, madirishani unaona zege limelowa, zege limelowa, supu, zege limelowa. Hilpoltstein ikatukuta kwenye nyama. Nikamwomba mhudumu tuwekewe sahani pembeni turudi baadaye, akaniambia kwa upole haiwezekani ni utaratibu. Tukaacha nyama tukapanda juu, na hatukujuta hata kidogo, ila mtu amelipa hela ile kwa nini achague kati ya shibe na safari?

Kidogo baada ya hapo kuna alama ya zege ukingoni, ndiyo mgawanyo wa maji wa Ulaya, mvua ikinyesha upande huu inaenda Bahari ya Kaskazini, upande ule Bahari Nyeusi. Kwenye spika zilipigwa sentensi mbili za Kijerumani na Kiingereza, basi. Kisha giza likaingia na bonde lote la mto Altmühl, Berching, Dietfurt, Riedenburg, ngome ya Prunn juu ya mwamba, daraja refu la mbao la Essing linalojipinda pinda, vyote vimepitwa usiku tumelala. Asubuhi tunaamka ni Danube hiyo.

Na historia ndiyo wameichuna kabisa. Wazo hili lina miaka zaidi ya 1,200. Mwaka 793 mfalme Karolo Mkuu, Charlemagne, alichimbisha mtaro kati ya Altmühl na mto Rezat ili apite na mashua, masimulizi ya zama zile yanasema mvua na udongo laini viliporomosha kingo, na mabaki yake bado yapo karibu na Treuchtlingen kwenye kijiji kinachoitwa Graben. Baadaye mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bavaria akajenga wake, 1836 mpaka 1846, malango 100, mashua zinavutwa na farasi, ila ulivyofunguliwa tu reli nayo ikafika, ikaunyang'anya mzigo. Vita Kuu ya Pili ikauharibu, 1950 ukafungwa rasmi. Ukiendesha gari barabara kuu kutoka Erlangen kuja Nuremberg, sehemu kubwa unapita juu ya kitanda cha mfereji ule. Huu wa sasa kampuni yake ilianzishwa 1921, ukafika Nuremberg 1972, ukakamilika tarehe 25 Septemba 1992, katikati hapo watu waligombana sana kuhusu kuliharibu bonde la Altmühl, mpaka waziri wa uchukuzi wa Ujerumani Magharibi, Volker Hauff, akasema ndio ujenzi wa kijinga kuliko yote tangu mnara wa Babeli. Kwa upande wa mizigo hakukosea sana, tani hazijawahi kufikia yale yaliyotabiriwa, madaraja yako chini chini hivyo kontena haziwezi kupangwa juu kama kwenye Rhine ya chini. Hata sisi kuna madaraja ambayo deki ilifungwa, viti vikalazwa na kibanda cha nahodha kikashushwa chini ndipo tukapita.

Kwa hiyo ushauri. Ukitaka kulala melini na kula vizuri, kata tiketi, ila kabla hujalipa waulize kwa barua pepe: Hilpoltstein mnapita saa ngapi, na Riedenburg mnapita mchana au usiku? Wakijibu kwa kuzunguka zunguka tafuta wengine, au chukua meli inayotoka Regensburg kwenda Nuremberg, baadhi huwa zinapita bonde mchana, lakini uliza tu. Kabini yenye kibaraza inalipa kwenye malango, ile ya chini kabisa yenye kidirisha usawa wa maji usimpe mzazi wako. Kama bajeti ni ndogo, miezi ya joto kuna boti za mchana kutoka Kelheim kwenda Riedenburg, bei ya kawaida na lango moja utalipita ingawa ni la mita 8 hivi. Nami nilirudi peke yangu na baiskeli, njia imenyooka kando ya maji, nikasimama kwenye lango la Hilpoltstein kuangalia meli za mizigo zikiibuka kutoka shimoni, bure kabisa.

Jambo la mwisho, someni mkataba kipengele cha kina cha maji. Mfereji wenyewe maji yake yametulia kwa sababu ya malango, lakini ukiendelea mbele ya Regensburg, kwenye Danube kati ya Straubing na Vilshofen mto uko huru, hauna mabwawa, kiangazi kikali maji yakishuka wanakuhamishia kwenye basi na hela huwa hairudi.