Rekodi za kununua ukitaka kuusikia ukumbi wenyewe

Muziki mwingi unaouzwa siku hizi haukuwahi kupigwa mahali pamoja. Ngoma zimerekodiwa leo, gitaa wiki ijayo, mwimbaji peke yake ndani ya kijichumba kilichozibwa, kisha fundi akatia mwangwi kwa mashine. Spika zako hata ziwe nzuri vipi, sauti itaganda ukutani kama picha. Ukitaka kujua nani yuko kushoto, nani kajitenga nyuma na dari iko juu kiasi gani, nunua rekodi ya watu waliokaa pamoja mahali halisi. Hizi nimezipanga baada ya kuzisikiliza sana sebuleni kwangu, Kibokoni, Mombasa.

Ya kwanza, bila shaka yoyote, ni New Ancient Strings ya Toumani Diabaté na Ballaké Sissoko. Ni kora mbili tu, yaani vinubi vya nyuzi nyingi vya Afrika Magharibi, zilizorekodiwa usiku mmoja wa Septemba 1997 katika ujia wa marumaru wa jumba la mikutano mjini Bamako, Mali. Fuata mlio wa uzi mmoja mpaka ufifie: unatoka kidoleni, unakwenda, unagonga jiwe, unarudi umelainika. Hapo unaupima ujia kwa masikio. Aliyelelewa na udi wa taarabu ataipenda tangu dakika ya kwanza.

Ya pili ni The Trinity Session ya Cowboy Junkies wa Kanada. Tarehe 27 Novemba 1987 waliizunguka maikrofoni moja katika Kanisa la Holy Trinity, Toronto. Aliyetakiwa kusikika kwa mbali alisogezwa mbali, basi. Naiweka nyuma ya kora kwa sababu mwimbaji alipitishwa kwenye spika, na uwazi wa sauti yake umepungua kidogo.

Ya tatu ni Sunday at the Village Vanguard ya mpiga piano wa jazi Bill Evans na wenzake wawili, New York, 25 Juni 1961. Chumba ni kidogo, glasi zinagongana, watu wanaongea, nawe umeketi meza ya pili. Usipoipata, Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis, 1959, inatosha. Studio yake ilikuwa kanisa zamani.

Na taarabu yetu? Juzuu ya pili ya Zanzibara, mfululizo wa rekodi za muziki wa pwani yetu, ina ya Mombasa, 1965 hadi 1975. Inunue, tena upesi, kwa ajili ya sauti na mashairi. Ukumbi usiutafute humo.

Lakini kagua chumba kwanza. Sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde. Ukuta ulio mita moja nyuma ya spika huirudisha baada ya milisekunde 6 hivi, na mwangwi wa kwako unaufunika ule wa Bamako. Fleti za saruji na vigae ndizo mbaya zaidi. Tandika zulia, shusha pazia zito, vuta spika nusu mita kutoka ukutani. Sikiliza baada ya Isha, tuktuk zikipungua, na feni uizime japo kuna joto.

Chukua CD halisi au faili la FLAC, lisilopunguza chochote cha sauti, kwani MP3 iliyobanwa sana huila hiyo milio inayofifia. Nakala za mitaani ni hatari: niliwahi kuuziwa moja ambayo upande wa kushoto ulikuwa umerudiwa kulia, kora ya pili ikawa karibu haipo. Kabla ya kulipa, omba uchezewe spika moja peke yake, kisha ya pili. Zikifanana, iache.