Nimeacha bekingi ya kuchana kwenye fulana: uzoefu wangu

Kwa miezi mingi niliilaumu mashine. Kila nikidarizi nembo kwenye fulana, ikitoka kwenye fremu kitambaa kimekunjamana pembeni na duara limekuwa yai. Nikalegeza uzi wa juu, nikabadilisha sindano, nikashusha kasi kutoka mishono 800 hadi 600 kwa dakika. Mikunjo ikabaki palepale.

Kumbe tatizo lilikuwa chini ya kitambaa. Bekingi, yaani tabaka linalotandikwa chini ya kitambaa ili kukishikilia kinapodariziwa, niliyoitumia kila mara ni ile ya kuchana, inayofanana na karatasi, maana ukimaliza unaichana tu na nyuma kunabaki safi. Kwenye turubai la mfuko au kitambaa chochote kisichovutika inafaa kabisa. Fulana ni jambo jingine. Kila mshono unakivuta kitambaa kidogo, sasa piga hesabu ya nembo yenye mishono 8,000! Na sindano inaitoboa ile karatasi mpaka inaanza kuachia kabla kazi haijaisha, pale inapohitajika hasa.

Nikanunua roli ya bekingi ya kukata, ya uzito wa wastani. Hii haichaniki kwa mkono. Fulana ya kwanza tu, duara likatoka duara, na mstari wa pembeni wa herufi ukalala sawasawa bila kuacha mwanya. Nimeshaifua mara nyingi na nembo haijajikunja, kwa kuwa bekingi hii haiondolewi. Inabaki nyuma ikiibeba mishono muda wote nguo inapovaliwa.

Ila ukiifunga vibaya kwenye fremu, hata hii haitakusaidia. Bekingi ndiyo ya kukaza, mpaka ukiigonga kwa kidole ilie kama ngoma. Fulana usiivute hata kidogo, kwani ukiifungua itarudi ilivyokuwa nayo mishono haitarudi, na hapo mikunjo inazaliwa. Mimi siku hizi nafunga bekingi peke yake, naipulizia gundi ya muda, kisha nailaza fulana juu na kuisawazisha kwa viganja. Sindano natumia yenye ncha ya mviringo, namba 75/11, isikate nyuzi za fulana.

Kasoro zipo. Kwenye fulana nyeupe nyepesi, ukingo wa bekingi unaonekana kwa mbele, na kwa nguo ya mtoto unakwaruza ngozi. Inabidi uipunguze kwa mkasi mdogo, ubakize kama milimita 6 kuzunguka nembo, na pembe uzikate kwa mviringo. Polepole! Niliwahi kuharakisha nikatoboa fulana iliyokwisha kamilika, na iliniuma sana. Kwa nguo nyepesi sasa natumia aina ya wavu, laini zaidi, ambayo pia ni ya kukata.

Taulo nalitandikia juu utando unaoyeyuka kwa maji, ili mishono isizame kwenye manyoya. Ile ya kuchana iliyobaki naimalizia kwenye mifuko.