Chaki za boksi la vipande mia: ipi inamfaa mwalimu wa kujitolea kijijini

Mwalimu wa kujitolea hayumo kwenye mshahara wa serikali. Posho yake, ikiwepo, hutoka kwenye michango ya wazazi, na chaki zikiisha stoo katikati ya muhula mara nyingi hujikuta akinunua boksi kwa hela yake. Tena darasa likiwa na vitabu vichache vya kuhesabika kwa vidole, notisi zote hupita ubaoni. Ndiyo maana boksi moja baya huumiza.

Madukani ziko aina mbili. Za kawaida ni za jasi, madini yanayochimbwa Itigi mkoani Singida na Makanya mkoani Kilimanjaro, na Maswa mkoani Simiyu kuna kiwanda cha chaki. Jasi huokwa ipoteze maji yake mengi, husagwa, hukorogwa na maji, humiminwa kwenye kalibu, kisha chaki hukaushwa juani. Hatua ya mwisho ndiyo wenye haraka huiiba: chaki inafungwa mbichi, inaandika kijivu kilichofifia na kukatika ukikandamiza.

Aina ya pili huuzwa kwa jina la "isiyo na vumbi". Jina limetiwa chumvi. Vumbi lipo, ila chembe zake ni nzito na huanguka chini badala ya kuelea puani. Ni ngumu, hudumu zaidi na bei iko juu. Kwenye ubao laini wa mbao inaandika vizuri sana. Kwenye ubao wa saruji ulioparara, ambao ndio wa shule nyingi za vijijini, hupiga kelele na kuacha mistari membamba isiyoonekana dawati la nyuma. Kwa ubao huo, nunua ya jasi.

Usilipe kabla ya kufungua boksi. Gonganisha vipande viwili: kikavu hulia kama kigae, kibichi hutoa mlio uliozibwa. Vunja kimoja. Ukiona matundu ndani, mchanganyiko ulimiminwa ukiwa na hewa, na chaki zitakatikia hapohapo. Chora mstari kwenye karatasi nyeusi. Ukihisi mkwaruzo wa punje, kuna mchanga, na mchanga huchimba ubao. Boksi la rangi mchanganyiko halina faida kubwa: njano inaonekana, lakini bluu na nyekundu humezwa na weusi, na kwenye saruji huacha madoa.

Masika ndiyo adui. Boksi la karatasi likiwekwa sakafuni hunyonya unyevu, kwa hiyo hamishia chaki kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko na uiinue juu ya matofali. Zikishalowa, zianike juani juu ya bati. Usizikaushe jikoni karibu na moto: joto kali huondoa maji yaliyoishikilia jasi yenyewe, na chaki huanza kumomonyoka kuwa unga mkononi.

Kuandika nako kuna namna. Chaki nzima hutetemeka na kulia, kwa hiyo ivunje katikati, ilaze kidogo, na uizungushe kila baada ya maneno machache ili ncha isichongoke upande mmoja. Usiandike kabla ubao uliofutwa kwa maji haujakauka. Dasta ya kipande cha godoro hubeba vumbi kuliko kitambaa kikavu. Futa toka juu kwenda chini, na ukaikung'ute nje, upande upepo unakokwenda, si ukutani.

Nusu ya lawama za chaki ni za ubao. Saruji yenye punje hula chaki kama tupa. Ipige msasa, ondoa vumbi, kisha paka mikono miwili ya rangi nyeusi isiyong'aa. Rangi ya mafuta inayong'aa inateleza, chaki haishiki. Mkaa uliosagwa na majani mabichi unasaidia kwa muda ila hufifia upesi na kuchafua nguo. Ule unga mweusi wa betri kuukuu uacheni kabisa: una manganizi, madini yenye sumu, na kila ukifuta ubao darasa zima linaivuta. Ubao mpya, kabla ya somo la kwanza, usugue wote kwa ubavu wa chaki kisha uufute mkavu, la sivyo maandishi ya siku ya kwanza yatabaki yakionekana kwa mbali chini ya yale ya baadaye.