Nili ya majani nyumbani: uzoefu wangu wa mwaka mmoja hapa Tanga

Ukiingia dukani Ngamiani ukasema unataka nili, utapewa buluu ya kufulia. Mimi nilipewa mara mbili. Muuzaji hana kosa, maana kwa wengi wetu neno hilo limebaki kwenye karai la mashuka meupe tu. Buluu ile hukaa juu ya uzi, na ikifuliwa huondoka. Niliyokuwa naitafuta ni nili yenyewe, inayotoka kwenye majani ya mnili, ambayo ndiyo iliyotia giza kaniki za bibi zetu.

Mimi nashona, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitengeneza batiki za oda ndogondogo. Kemikali za kutilia rangi, kostiki soda na haidrosalfaiti, zilinichosha. Harufu yake hukaba kifua, na nyumbani kuna mtoto anayetambaa. Nikaamua kujaribu majani, na hapa nasema pesa yangu ilikwenda wapi na nimepata nini.

Nilianza na kosa la shilingi 6,000. Kwenye maduka ya vipodozi kuna pakiti ya unga wa kijani inayouzwa pamoja na hina kwa ajili ya nywele. Imeandikwa nili, na ni kweli ni majani ya mnili yaliyokaushwa na kusagwa. Nikaukoroga kwa maji ya moto, nikazamisha kipande cha marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, nikasubiri usiku kucha. Kilitoka na rangi ya maji ya mchaichai. Unga ule ni jani kavu tu, rangi yake haijatolewa bado, kwa hiyo kwa nywele unafaa lakini kwa kitambaa umepoteza pesa. Unga wa kutia nguo ni wa buluu nzito inayokaribia weusi, na bonge lake ukilisugua kwa ukucha linang'aa kama shaba. (Na dada zangu, tukiwa bado hapo kwenye rafu ya hina: zile ziitwazo hina nyeusi, baadhi zina kemikali ya PPD, nayo imewababua watu ngozi. Soma pakiti kabla hujampaka bibi harusi.)

Unga wa buluu niliupata kwa mtu wa Dar, gramu 100 kwa shilingi 30,000, ukaja kwa basi. Ni ghali, sifichi, lakini ulikuwa mzuri. Ulinishinda mara ya kwanza kwa sababu nyingine kabisa.

Nili ina tabia ya ajabu: haiyeyuki kwenye maji. Ukiikoroga ndani ya ndoo unapata maji machafu ya buluu, na kitambaa kikitoka humo kimepakwa vumbi tu. Lazima kwanza inyang'anywe oksijeni ndani ya maji makali ya chokaa. Hapo hugeuka manjano, ikayeyuka, ikaingia ndani ya uzi. Ukikitoa kitambaa nje, hewa inairudishia oksijeni yake na buluu inarudi ikiwa imeshafungwa humo humo. Anayetengeneza batiki anaijua kazi hii, ndiyo wanayoifanya kostiki na haidrosalfaiti. Mimi nilifuata kipimo cha Mfaransa aitwaye Michel Garcia, kinachoshikika kirahisi: nili fungu moja, chokaa mafungu mawili, sukari ya matunda mafungu matatu. Kwa ndoo ya lita 20 niliweka gramu 50 za nili na gramu 100 za chokaa. Sukari niliitoa kwenye kilo moja na nusu ya ndizi mbivu, zile ambazo ganda limeshakuwa jeusi na sokoni wanakuachia kwa bei ya kutupa. Unazichemsha, unazichuja, unamimina maji yake.

Nikasubiri siku mbili. Ndoo ikabaki buluu kama bahari ya Raskazone, na kitambaa kikaoshwa chote kikawa cheupe. Nikamlaumu muuzaji moyoni, na nikamwandikia ujumbe ambao leo naujutia. Kosa lilikuwa kwenye chokaa. Niliichota kwenye mfuko wa fundi wa kupaka kuta uliokaa wazi tangu mwaka uliopita. Chokaa ikiachwa wazi hunyonya hewa ya ukaa na ukali wake hufa, unabaki na kitu kama chaki. Nilinunua mpya, nikaihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, nikaongeza kwenye ndoo ile ile na kuipasha joto kidogo. Jioni yake maji yalikuwa ya manjano kama mafuta ya alizeti, juu yana utando wa shaba na povu la buluu katikati. Nilikaa chini sakafuni nikilitazama. Kwa hiyo kabla hujamlaani aliyekuuzia unga, ikague chokaa yako. Na vaa glavu, inaunguza.

Kutia kwenyewe kunataka utulivu. Chemsha kitambaa kwanza kwa magadi na sabuni ili kitoke wanga na mafuta ya kiwandani. Kiwe pamba tupu. Chomoa uzi uuchome: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu, poliesta inayeyuka na kuwa shanga ngumu. Kitambaa kiingie kikiwa kibichi, taratibu, kisiguse tope la chini, maana kikigusa kinatoka na mabaka. Dakika tano, unakitoa. Kinatoka kijani cha muhogo mchanga, halafu mbele ya macho yako kinaanza kugeuka, kwanza kwenye pindo, halafu kote. Nimeshafanya mara nyingi na bado namwita mtoto wa jirani aje aone.

Usitafute buluu nzito kwa kuchovya mara moja kwenye rangi kali. Hilo nilijifunza kwa kanga ya shoga yangu iliyompaka buluu mabegani kutwa nzima shughulini. Ndoo dhaifu, mara nyingi, na kati ya mara na mara kianikwe mpaka kigeuke chote. Mwishoni suuza kwa maji yenye siki kidogo ili kuua chokaa.

Sasa mbegu. Pakiti ilikuwa shilingi 5,000, na katika vyote nilivyonunua hiki ndicho ambacho ningekinunua tena bila kufikiri. Mnili ni wa jamii ya mikunde, majani yake madogo yamepangana kama ya ukwaju, na hauna makuu na udongo. Mbegu zina ganda gumu, kwa hiyo zimwagie maji ya moto uziache zilale humo. Nilizipanda nyuma ya nyumba Mikanjuni masika ilipoanza, na kwenye mwezi wa saba nilikuwa na mashina kama 30 yaliyonifika kifuani, yanaanza kutoa maua.

Nilikata alfajiri, kilo nne za majani na vitawi, nikayagandamiza kwenye ndoo kwa jiwe na maji yakayafunika. Kwa joto letu hayahitaji hata siku nzima. Mara ya kwanza niliyaacha siku mbili, nikaishia na unga wa kijivu na harufu iliyoleta malalamiko uani. Mara ya pili niliyatoa baada ya saa 16 hivi, maji yakiwa kijani cha manjano na juu yana utando wa buluu. Unachuja, unatia chokaa kidogo, halafu unamimina kutoka ndoo hadi ndoo kama muuza chai anavyopoza maziwa, juu kabisa, ili yale hewa. Povu linapanda, linakuwa buluu. Baada ya dakika 20 mikono inauma na povu linaanza kunywea. Hapo unaacha, unalala. Asubuhi rangi imekaa chini kama tope, unamwaga maji ya juu, unachuja tope kwenye kitambaa cha pamba na kukausha kivulini.

Kilo nne zilinipa unga usiofika vijiko viwili vya chakula. Nasema wazi ili mtu asije akapanda mashina matano akitarajia kutia mapazia. Ila mashina yakikatwa yanachipua tena, na majani yaliyooza nimeyalaza kwenye tuta la mchicha, ambao haujawahi kuwa mzuri namna ile.

Ukiuliza kwa nini kitu hiki kilipotea, kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili ya kiwandani mwaka 1897, na nili ya majani haikuweza kushindana nayo kwa bei. Ni halali kwa mwenye kiwanda. Kwa mimi mwenye ndoo mbili na uani, hesabu ni nyingine: nguo nilizotia mwaka jana nimezifua mara nyingi kiasi kwamba sikumbuki, zimepoa kidogo kama jinzi inavyopoa, lakini buluu ni buluu. Batiki yangu ya zamani ya zambarau iliyoanikwa kamba moja nazo imeshakuwa rangi ya udongo.

Wiki iliyopita nilimpelekea bibi kipande cha marekani nilichokitia mara sita kwa nili ya uani kwangu. Nilimwamkia, nikamwekea mapajani. Alikinusa kwanza. Mama yake alikuwa akienda shamba na kaniki, na harufu ile, alisema, ndiyo yenyewe. Kisha akakinyanyua mpaka dirishani akakitazama dhidi ya mwanga.

"Kizuri, mjukuu wangu. Lakini hii bado si kaniki. Irudishe."

Nimeirudisha mara nne. Iko kambani sasa hivi.