Hauzing ya tabo niliyouziwa kama 7 kumbe ni 8 (uzoefu wangu)

Wenye Subaru someni hii kabla hamjatoa pesa ya hauzing, yaani lile ganda la chuma linalofunika gurudumu la tabo (mashine inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa kwa injini).

Niko na Forester ya injini ya EJ205, lita 2, tabo ya kiwanda nilishaitoa nikaweka ya Mitsubishi, TD05 ya 16G. Gari ina nguvu sawa, lakini tabo ilikuwa inaamka, yaani kuanza kusukuma, karibu 3,900 rpm (mizunguko ya injini kwa dakika), sasa kwa foleni ya Waiyaki Way hizo rpm utazipata saa ngapi. Nikaambiwa niweke hauzing ndogo ya ekzosi, namba 7 badala ya 8. Nikanunua kwa duka moja hapa tao, sh 16,000, ikafungwa, nikaingia barabarani na hakuna kitu kilichobadilika. Hata kidogo.

Fundi wangu wa Industrial Area akasema tuifungue tuipime, maneno hayasaidii. Alikanda unga wa chapati ukawa mgumu, akaushindilia kwa koo ya hauzing, pale moshi unaanza kuzunguka kama ndani ya konokono, akakata na wembe, akatoa kipande polepole kisivutike, akakiweka juu ya karatasi ya grafu ya mtoto wangu na kuchora ukingo wake. Tukahesabu vile viboksi vya milimita vikafika 790 na kitu. Hiyo ni karibu 8 cm² jamani! Tukaangalia vizuri ile 7 iliyoandikwa, maandishi mengine yote kwa chuma yameinuka, hiyo 7 peke yake imechongwa ndani. Duka lilikataa kunirudishia pesa, na bado inaniuma.

Sasa kuhusu namba, kwa sababu naona watu wengi wanachanganya. Hizo 7 na 8 za Mitsubishi ni eneo la koo peke yake, kwa cm². Garrett, watengenezaji wengine wa tabo, wanaandika A/R, mfano 0.64 au 0.86, yaani chukua eneo ugawe kwa umbali kutoka katikati ya shafti mpaka katikati ya hilo tundu. Yangu umbali ulikuwa sentimita 5.5, nikagawa 8 kwa 5.5 nikapata 1.45 nikashangaa mbona kubwa hivyo, kumbe A/R yao iko kwa inchi, gawa tena kwa 2.54 inakuja 0.57. Na 0.63 ya tabo moja usiilinganishe na 0.63 ya familia nyingine, gurudumu la ndani likiwa tofauti hizo namba hazisemi kitu kimoja.

Koo ikiwa ndogo moshi unapita kwa kasi na kulipiga gurudumu mapema, lakini ukikanyaga mpaka juu moshi unakosa njia, unarudisha presha kwa injini na joto linapanda. Sisi Nairobi tuko mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hivyo tabo zetu zinachelewa zaidi, hii gari nikishuka nayo Mombasa ilikuwa inaamka mapema kuliko hapa nyumbani. Ndio maana kwa gari ya kila siku hapa mimi naona koo ndogo ndiyo inafaa.

Ile 7 ya ukweli nilipata kwa jamaa aliyekuwa anauza spea za gari yake, na nilienda na unga wangu kwa mfuko, tukapima hapohapo, 700 na kidogo. Saa hii tabo inaamka 3,400, kupanda kutoka Mai Mahiu nabaki gia ya nne mahali nilikuwa narudi ya tatu. Kupita 6,000 inakuwa nzito, hiyo nimekubali. Kitu kingine, presha ya tabo ilikuwa inapita 1 bar yenyewe huko juu mpaka fundi akapanua kidogo tundu la wastegeti (kimlango kinachopitisha moshi wa ziada pembeni ya gurudumu), kwa hivyo wekeni geji ya presha kabla ya kukanyaga. Na boliti za hauzing zipulizie dawa ya kutu usiku mzima kabla ya kufungua, yangu mbili zilikatika.